Sulisuli wa Ushongo: safari ya kutoka Moshi

Jumanne, Moshi

Kazi ya kutafuta boti nilipewa mimi kwa sababu kibubu cha safari kipo kwangu. Mwenye hamu ya samaki ni shemeji yangu wa Arusha, ambaye simu yake imejaa video za watu wakivutana na sulisuli na samaki wengine wenye pua ndefu. Mume wangu ana gari. Wifi yangu anataka bahari ya kuangalia tu, akiwa kivulini. Mimi nauza vifaa vya ujenzi pale Mbuyuni. Kutwa naulizwa bei na kutwa nauliza bei, na nimejifunza kwamba bei usiyojua ina nini ndani yake ni kelele.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuvuka mpaka pale Holili, kupita Taveta na Voi hadi Mombasa, halafu kushuka Shimoni au kupanda Watamu na Malindi. Kule ndiko kwa wakongwe wa uvuvi huu wa michezo. Ernest Hemingway alipotoka kuwinda huku kwetu upande wa Manyara mwaka 1934, alikwenda kuvua Malindi. Watamu ndiko iliko African Billfish Foundation, ambao samaki akinaswa wanampachika alama ndogo na kumrudisha baharini, ili akivuliwa tena siku nyingine ijulikane ametembea hadi wapi. Kwa huduma zao sina neno. Ila gari likivuka mpaka lina makaratasi yake, na pasi ya wifi imekwisha muda.

Ya pili, kupanda ndege KIA hadi Unguja, kisha Nungwi. Boti nzuri zipo, na maji ya kina hayako mbali. Shida ni hesabu: boti inatajwa kwa dola, tiketi za watu wanne, teksi kwenda na kurudi, na vyumba vya Nungwi ambavyo mwezi wa Februari havina huruma.

Ya tatu ni Pangani, kwenye hoteli za ufukweni za Ushongo, kusini ya mto. Hapo shemeji alinuna. "Shem, Pangani si mahali pa wastaafu?" Nikamfungulia ramani. Shimoni, Nungwi na Pangani zote zinatazama mkondo mmoja wa Pemba, ambao katikati kina chake kinafika kama mita 800. Sulisuli anayepita Shimoni wiki hii anaweza kuwa mbele ya Pangani wiki ijayo. Samaki ni wale wale, tofauti ni nauli.

Nikaanza kupiga simu. Wakala mmoja alinitumia picha ya nduaro, samaki mwingine wa pua ndefu, mkubwa, aliyening'inizwa, na nyuma yake milima ya kijani inashuka hadi majini. Mtu aliyekulia chini ya Kilimanjaro huwezi kumdanganya kwa mlima. Ufukwe wa Pangani hauna kitu cha namna hiyo. Nikamuuliza, kati ya Februari na Juni, wakati gani mzuri? "Wote mzuri, mama." Juni upepo wa kusi umeshika kweli kweli, bahari imechafuka. Boti inachukua watu wangapi? "Hata kumi, mama." Nikamshukuru nikakata simu.

Nahodha niliyepewa namba yake na mwenye hoteli hakujibu swali langu la kwanza. Aliuliza yeye. Mko wangapi? Nani kati yenu analewa bahari? Mnakuja siku gani hasa? Nikamtajia Jumapili. Akanyamaza, nadhani alikuwa anahesabu mwezi, kisha akasema, "Hiyo ni bamvua, mama. Nusu siku sikushauri."

Sababu zake niliziandika nyuma ya risiti ya saruji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya pwani hii hujaa kama saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni. Katikati, kwenye saa 4 asubuhi, yanakuwa yamekupwa hadi mwisho. Boti ya nusu siku inatoka saa 12 na kurudi saa 4, kwa hiyo inarudi wakati haiwezi kufika ufukweni, na abiria wanamaliza safari kwa miguu kwenye majani ya bahari na vichwa vinazunguka. Tena, kufika maji ya kina ni saa nzima na kurudi ni saa nzima, zinabaki saa mbili za kuvua. Ukichukua siku nzima, saa 12 hadi saa 9 alasiri, zinabaki saba. Na bei yake haikufika hata mara mbili ya nusu siku.

Nikapiga hesabu ya dukani: gawanya bei kwa saa ambazo mshipi uko majini, mahali penye samaki. Kwa hesabu hiyo, ile nusu siku inayotangazwa kama nafuu ndiyo ghali kuliko zote. Muziki, soda kwenye barafu na viti vya ngozi havimo kwenye hesabu.

Jumatano, Moshi

Leo nimetuma malipo ya awali, baada ya maswali mengine ambayo mume wangu aliyasikia akiwa anakula akasema namhoji nahodha wa watu kama mtuhumiwa. Bei ni ya boti nzima au ya kichwa? Boti nzima. Mafuta yamo? Yamo. Chambo, maji, chakula? Chambo na maji vimo, chakula tubebe wenyewe. Upepo ukikataa? Tunahamisha siku au hela inarudi, na anayeamua kwamba upepo umekataa ni yeye, si sisi.

Samaki wa nani? Hili watu husahau kuliuliza, na ndilo huleta ugomvi ufukweni. Kila boti ina desturi yake: kwingine samaki wote ni wa boti, mteja anaondoka na picha. Yeye alisema sulisuli na nduaro wanarudi majini wakiwa hai, hilo halina mjadala. Nguru wa kwanza wetu, wanaobaki ni kitoweo cha mabaharia. Nikakubali. Shemeji alipopata habari alipiga simu kutoka Arusha, analalamika kwamba anakwenda kulipia samaki wa kumwachia. Nikamwambia nyama ya kununua ipo soko la Kilombero, aende akachague kipande.

Ijumaa, barabarani

Tumetoka saa 11 alfajiri. Kutoka Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350, na anayekuchelewesha zaidi ya malori ni trafiki wa vibao vya 50, maana Upareni vijiji vimepanga foleni kandokando ya barabara. Same nikasimamisha gari kununua tangawizi. Tangawizi ya milima ya Pare ina ukali wake, na nahodha alishasema anayelewa bahari ajiandae tangu jana yake: vidonge kabla ya kulala, tangawizi asubuhi, na asipande boti na tumbo tupu. Watu hufunga kula wakidhani wanajisaidia, kumbe tumbo tupu ndilo linalopinduka haraka.

Kitu kimoja kilinikaa kichwani njia nzima. Maji ya Kikuletwa yanayoshuka Meru na Kilimanjaro, na ya Ruvu kutoka upande wa Ziwa Jipe, yanakutana kwenye Nyumba ya Mungu, lile bwawa la miaka ya 1960 linalotuletea perege sokoni. Kutoka pale ndiyo Mto Pangani. Unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, unaingia baharini mjini Pangani. Kwa hiyo tulikuwa tunafukuzana na maji ya kwetu. Wifi akasema kama ni hivyo tungepakia mizigo kwenye mtumbwi.

Mombo tukala, Segera tukakunja kushoto, Muheza machungwa, Tanga mafuta ya gari. Pangani tumefika alasiri. Tumevuka na kivuko kwenda Bweni, nguzo za daraja jipya tukiziangalia pembeni, halafu vumbi na minazi hadi Ushongo.

Jumamosi, Ushongo

Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa na boti imekaa mchangani, ubavu mmoja umelala. Hii ni bahati kwa mnunuzi, maana boti ikielea unaiona rangi tu. Nilizunguka chini yake na nahodha. Ni ya faiba, imezibwa mahali pawili karibu na mkuku, na viraka vyenyewe ni vikavu, vimepigwa msasa vizuri. Nyuma kuna mashine mbili. Nikamwomba aziwashe zote. "Kwenye mchanga, mama?" akacheka, mashine hizi zinapozwa na maji ya bahari, ukiziwasha pakavu unaziunguza. Akaahidi kuziwasha maji yakirudi, na saa 8 mchana aliniita mwenyewe nikasikilize.

Majaketi okozi nilihesabu, nikavaa moja, nikavuta mikanda. Redio ya upepo ipo na inafanya kazi. Alizungumza na mwenzake tukiwa tumesimama. Cheti cha ukaguzi wa chombo kutoka TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, kipo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na leseni ya uvuvi, na tarehe zake bado. Sikuona haya kuomba karatasi, wala yeye hakununa kutoa. Ningeshangaa zaidi kama angenuna.

Shemeji alikuwa ameshikwa na fimbo za kuvulia. Baharia kijana, mwenye mikono iliyojaa makovu membamba ya mshipi, alimwonyesha ndoana mbili. Moja ni ile ya kawaida tunayoijua wote. Nyingine imekunjwa hadi ncha inageukia ndani, ni kama duara lisilofungwa. Shemeji akasema hiyo haiwezi kunasa kitu. Kijana akaifunga kwenye kamba, akaipitisha ndani ya ngumi yake iliyolegea, akavuta taratibu: ikateleza kiganjani chote, ikaja kujigeuza pembeni, kwenye kona ya kidole gumba. "Hivi ndivyo inavyofanya mdomoni," alisema. "Haishiki tumboni, inashika kona ya taya. Lakini ukinyakua kwa pupa, inatoka." Hiyo ndiyo anayotumia kwa sulisuli, kwa kuwa samaki aliyemeza ndoana hadi ndani hata umrudishe majini ni maiti anayeogelea.

Jioni nahodha akaja na neno la mwisho: utabiri wa TMA, watu wa hali ya hewa, hauna onyo, upepo wa kaskazi wa kawaida, asubuhi shwari, mchana itapandisha kidogo. Tulale mapema. Tumekula wali wa nazi na changu wa kupaka, wifi amekunywa vidonge vyake.

Jumapili, baharini

Saa 12 kamili tulikuwa tumeshalowa hadi kiunoni tukipanda. Kisiwa cha Maziwe tulikipita kwa mbali, kichanga tu. Wazee wa hapa wanakikumbuka kikiwa na miti na kasa wakitaga. Bahari ilikila, miti yote ikaisha, na sasa maji makuu yanakifunika. Ni eneo tengefu tangu 1975, kwa hiyo hakuna kushusha mshipi karibu nacho, na nahodha aliyazunguka matumbawe yake bila kuombwa.

Maji ya mwanzo yalikuwa ya kijani yenye ukungu wa mto. Kisha ukaja mstari, huku kijani, kule buluu iliyokoza, na takataka za majani zimejipanga juu yake. Nahodha akapunguza mwendo akaanza kutembea sambamba na mstari ule. Dagaa hujificha kwenye takataka, wenye kula dagaa hufuata, na wenye kuwala hao ndio tuliokuwa tumewalipia. Mishipi ikashushwa, mingine mirefu, mingine mifupi, na boti ikaenda kwa noti 6 hivi, yaani kama kilomita 11 kwa saa.

Utaratibu ulikuwa wa zamu. Kila fimbo ikilia, mwenye zamu anakaa kitini, hakuna kunyang'anyana. Kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha mchezo huu kilichoanzishwa mwaka 1939, zinasema mtu mwingine akiigusa fimbo samaki hahesabiki kuwa wako. Sisi hatukuwa tunatafuta rekodi, lakini nahodha anaifuata kanuni hiyo kwa sababu imemwokoa na ugomvi mwingi wa kifamilia, kwa maneno yake.

Zamu ya kwanza ya mume wangu: sehewa, mnene, mwenye fujo, hana urefu. Zamu ya shemeji: nguru, wa urefu wa mguu wa mtu mzima. Nguru ana meno kama wembe, ndiyo maana kipande cha mwisho cha mshipi wake kilikuwa waya. Alipigwa kulabu, akaingia kwenye barafu, shemeji akapiga picha zisizo na idadi.

Halafu hakuna kitu. Hili video hazionyeshi. Jua limesimama, mashine zinanguruma, harufu ya petroli, boti inalala upande huu na ule. Wifi alijilaza, tangawizi mkononi, akaniuliza kwa upole kama nchi kavu inaonekana. Tungekuwa na boti ya nusu siku, muda huo tungekuwa tunatembea kwenye majani ya bahari na nguru wetu mmoja. Nahodha hakukaa. Macho yake yalikuwa juu, anatafuta membe, wale ndege wa baharini. Alipowaona wamekusanyika mbali wakijitupa majini, akageuza boti.

Zamu ilikuwa yangu. Nyuma ya chambo cha kulia nikaona kwanza kitu cheusi chembamba kinachana maji, kijana akapiga kelele, "Sulisuli! Sulisuli kulia!" Samaki alipiga chambo kwa pua, kikaruka, akakirudia. Mimi mikono tayari kwenye fimbo. "Acha, mama! Acha ale. Acha ageuke." Mshipi unakwenda, rili inalia kama cherehani, na kila kiungo mwilini mwangu kinataka kuvuta. Nikaona ile ngumi ya kijana na ndoana inayoteleza. Nahodha akasema, "Sasa kaza taratibu," nikakaza, na kule mbali samaki akatoka majini mzima mzima.

Pezi la mgongoni lilikuwa limefunguka lote. Aliruka, akaruka tena, akatembea kwa mkia. Mimi nikikusanya mshipi anauchukua tena wote. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Shemeji alikuwa amesimama pembeni yangu, mikono imenyooka nusu, hawezi kugusa fimbo, anasema tu, "Shem, pole pole, shem, usilegeze." Sijawahi kumwonea huruma mtu kiasi kile.

Alipofika ubavuni mwa boti nilimwona vizuri. Ubavu ulikuwa na mistari ya buluu inayowaka, inafifia, inawaka tena, na jicho kubwa linanitazama moja kwa moja. Nahodha alivaa glovu akamshika pua, boti ikiendelea kusogea mbele polepole ili maji yapite kwenye matamvua yake. Mume wangu akataka apandishwe apigwe picha na mimi. Nahodha akakataa: "Akitoka majini uzito wake mwenyewe unamuumiza ndani. Njoo wewe chini, mama, inama." Picha niliyonayo niko magoti kwenye ukingo wa boti, kilemba kimekaa upande, nimelowa. Ndoana ilikuwa pale pale kijana aliposema, kwenye kona ya taya. Ilitoka kwa kuzungushwa mara moja. Nahodha akamshikilia hadi mkia ulipoanza kupiga wenyewe, akamwachia.

Mchana upepo ulipanda kama ulivyotabiriwa. Tulipata nguru mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, na kwa makubaliano yetu huyo ni wa mabaharia. Shemeji alimwangalia sana lakini hakusema. Saa 8 tukageuza, na tulipofika saa 9 maji yalikuwa yamekaribia kujaa. Boti ilitufikisha karibu na mchanga kabisa, wifi akashuka wa kwanza bila kuaga.

Jumatatu, njiani kurudi

Nguru wetu amekatwa vipande, amelala kwenye barafu nyuma ya gari, na kila tukisimama nafungua kuangalia maji yaliyoyeyuka. Mabaharia niliwapa bahasha yao mkononi mwao wenyewe, mbali na malipo ya boti. Wao ndio waliofunga ndoana zote.

Tulipofika Korogwe shemeji alikuwa ameshaanza kumwandikia nahodha. Anataka Juni, likizo ya shule, aje na watoto wake. Jibu lilikuja tukiwa tunakaribia Same, akalisoma kwa sauti: Juni hapana, kusi hairuhusu watoto. Subiri Oktoba, jodari watakuwepo, uangalie siku za maji mafu, kinyume cha bamvua, ili watoto wasisumbuliwe na mkondo. Na zamu ya kwanza, akaongeza, itakuwa yako, usihofu.

Shemeji ameniuliza kibubu kina kiasi gani. Nimemwambia aanze na pasi ya dada yake.